Boila la kuni la gesti: bomba moja lisilofungwa kamwe

Swali: Nina gesti ndogo ya vyumba vinane hapa Njombe. Kuanzia Mei hadi Agosti wageni wanalalamikia maji baridi. Shawa za umeme zinamaliza luku, na zikiwashwa tatu kwa pamoja swichi kuu inakata. Fundi wa kuchomelea ameniambia atanitengenezea boila la kuni kwa mapipa mawili ya mafuta, moja la moto na moja la maji. Analiunganisha moja kwa moja na bomba la mtaani ili maji yatoke kwa nguvu, na juu anaweka koki ya kufungulia mvuke ukizidi. Anasema pia itabidi ninunue pampu ya kuzungusha maji. Je, nikubali? Na maji hayohayo yanaweza kupasha joto vyumba? Gesti iko kwenye mteremko, na nyuma kuna uwanja wa jikoni ulio chini kuliko nyumba. (Mama mwenye gesti, Njombe)

Jibu: Mama, pole na baridi. Nianze na fundi wako, maana najua atayasoma haya akiwa amesimama nyuma ya bega lako.

Fundi, wazo la kuni ni zuri. Mji umezungukwa na miwati, misindano na milingoti, mabanzi ya viwanda vya mbao yanapatikana, na kuchemsha maji ya kuoga kwa umeme wakati kuni ziko mlangoni ni kujitesa. Pampu tutaiondoa, nitaeleza kwa nini. Mapipa tutayapatia kazi nyingine. Lakini kuyafunga maji ndani ya pipa, kuyaunganisha na bomba la mtaani, halafu kuweka koki ya kufunguliwa na mkono, hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Hita ya umeme ikifika joto lake inajikata. Moto wa kuni hauna swichi. Mlinzi atatia magogo manne saa kumi na moja alfajiri, ataenda kufungua geti, atakutana na muuza maziwa na mazungumzo yatanoga. Wageni siku hiyo wamefika usiku wa manane na wanalala mpaka saa tatu. Moto hauna habari kwamba hakuna anayeoga. Unaendelea kutia joto, na maji yanaendelea kutanuka. Lita 200 za maji zikipanda kutoka nyuzi 15 hadi 60 zinaongezeka kwa lita 3 na kitu. Hizo lita tatu zinataka pa kwenda. Zikikosa, zinaanza kusukuma vyuma.

Na hapo bado hatujafika kwenye mvuke. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke inadai nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ndani ya chombo kilichofungwa maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu presha inayakandamiza yabaki maji. Mshono wa kuchomelea ukiachia, presha inashuka ghafla na sehemu ya maji yale inageuka mvuke kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana boila lililofungwa likipasuka haliishii kuvuja. Linaruka na kuondoka na ukuta.

Sasa lile pipa lenyewe. Pipa la mafuta la lita 200 ni bati la unene wa milimita 1 hivi, na kifuniko chake ni bapa, upana wa sentimita 57. Kila mita moja ya kimo cha maji juu yake inakandamiza kifuniko hicho kwa uzito wa kilo 250. Ukiliunganisha na tangi lililo juu ya mnara wa mita 6, ni tani moja na nusu juu ya bati. Bomba la mtaani, usiku watu wakiwa wamelala na presha imepanda, linaweza kuleta mara nne au tano ya hiyo. Niliwahi kuitwa shule moja ya bweni kuangalia pipa la namna hii. Nilikuta kifuniko kimevimba kama andazi na mshono mmoja unatoa jasho. Koki ya mvuke ilikuwepo, ila imeshika kutu na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Mpishi aliwahi kuukokota moto nje, ndiyo maana nilikuta pipa la kukagua.

Kwa hiyo, mama, jibu fupi: kubali boila, kataa kufunga. Mfumo wako uwe wazi. Maana yake, kutoka juu kabisa ya tangi la maji ya moto kuwe na bomba linalopanda moja kwa moja hadi juu ya usawa wa maji ya tangi la baridi (lile dogo la juu linalolisha mfumo), lipinde mdomo na kutazama chini. Halina koki, valvu wala kizibo. Mafundi tunaliita bomba la kupumulia. Maji yakitanuka yanapanda humo, yakichemka mvuke unatokea humo. Presha ndani ya boila haiwezi kuzidi ile ya kimo cha tangi lako la baridi, hata mlinzi akisahau moto siku nzima. Valvu ya usalama ya kununua dukani ni kitu kizuri, lakini ina springi, na springi inakwama kwa kutu na ukoko wa chokaa. Bomba tupu lililo wazi halina cha kukwama.

Lipande kiasi gani? Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo ndani ya bomba hilo yatasimama juu kidogo kuliko kwenye tangi. Kanuni ya kazi ni sentimita 15, ukiongeza sentimita 4 kwa kila mita ya kimo kutoka chini ya mfumo hadi usawa wa maji ya tangi la baridi. Kwako, tukichukulia mita 5, inatoka sentimita 35. Weka 50 uache kufikiria. Upana wake uwe inchi moja. Na mdomo wake usiuelekeze ndani ya tangi la plastiki: siku maji yakichemka utamwaga maji yanayotokota kwenye plastiki, italegea, na tangi zima linaweza kuachia. Uelekeze nje, juu ya kokoto, mahali ambapo hapapiti mtu wala mtoto. Ukiona pale pamelowa asubuhi, ujue mlinzi ametia kuni nyingi mno.

Unajua tayari kwamba Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana maharage yako yanakuchelewesha. Kwa boila maana yake ni kwamba mvuke unaanza mapema kuliko mtu wa Dar es Salaam anavyotegemea.

Tuje kwenye ukubwa, maana hapa ndipo fedha inapopotea. Mtu anayeoga kwa shawa bila pupa anatumia lita 40 za maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi. Wa ndoo anatosheka na 20. Tuseme watu kumi wanaoga asubuhi: lita 400 za vuguvugu. Maji yako ya Julai nayachukulia nyuzi 14, na ya tangi la moto 60. Ukichanganya, zaidi kidogo ya nusu ndiyo inatoka kwenye moto, yaani lita 225. Tangi haliwezi kutoa moto mpaka tone la mwisho, kwa sababu baridi inaingia chini kadiri moto unavyotoka juu. Hesabu robo tatu. Basi tangi la lita 300 linakutosha. Usimruhusu mtu akuuzie la 1,000. Utachoma kuni za kupasha maji ambayo hakuna wa kuyaoga.

Kupasha lita 300 kutoka nyuzi 14 hadi 60 kunahitaji joto la uniti 16, hizohizo uniti unazonunua kwenye luku. Kuni kavu, kilo 1 ina uniti 4 na kitu, lakini boila la kuchomelea mtaani likitengenezwa vizuri litaingiza theluthi moja tu ya hizo kwenye maji; nyingine zinaondoka na moshi. Inatoka kilo 11 hivi kwa siku, na moto wa saa mbili. Fundi yeyote akikuambia kilo 3, anakufurahisha.

Boila lenyewe sasa. Lisiwe pipa la maji lililowekwa juu ya mafiga. Wazia sufuria mbili zilizofunikwa kifudifudi, ndogo ndani ya kubwa, na maji yako kati yao. Ya ndani iwe na upana wa sentimita 35, ya nje 45, kimo 70. Pengo la sentimita 5 pande zote na juu ndilo linalobeba maji, lita 50 hivi, na chini linafungwa kwa mkanda wa chuma. Moto unaingia ndani ya ile ndogo na kuzungukwa na maji kila upande. Katikati ya juu linapita bomba la moshi la sentimita 15, likichomelewa kwenye vifuniko vyote viwili. Hilo linatoa moshi na linafanya kazi ya nguzo pia, linazuia vile vifuniko bapa visivimbe. Upande wa moto tumia bati la milimita 5, upande wa nje milimita 3. Mshono uchomelewe mara mbili, na si kwa fimbo za kuchomelea zilizolala kwenye unyevu.

Hii kofia ya maji isikae chini kwenye makaa. Ikae juu ya jiko la matofali ya kuchoma la kimo cha sentimita 40 au 50, lenye wavu wa nondo za milimita 16, mlango wa kuni juu ya wavu na tundu la majivu na hewa chini yake. Wengi wanakosea hapa kwa kudhani moto ukibusu chuma mapema ndiyo maji yanapata moto haraka. Mwali ukigusa chuma kilicho baridi unazimika kabla ya kumaliza kuungua, na kilichobaki kinakuwa masizi na utomvu mweusi unaonata kama lami. Masizi ni blanketi, yanazuia joto lisifike kwenye maji. Matofali yanauacha moto uwe mkali kwanza, ndipo upande kwenye chuma. Ndani ya ile kofia ning'iniza sahani ya chuma chini ya tundu la moshi, ili mwali usikimbilie dohani moja kwa moja bali upite ukilamba kuta. Sahani iwe ya kutolewa, kwa sababu kila wiki mbili utaingiza brashi ya waya.

Dohani iende juu mita 3 au zaidi na ipite paa la karibu. Boila likae nje, chini ya kibanda kilicho wazi pande tatu, mbali na madirisha ya vyumba. Baridi inamshawishi mtu kuliingiza ndani ya korido ili joto lisipotee. Usikubali. Moto uliobanwa hewa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mgeni aliyelala haamki kuilalamikia.

Pampu. Fundi wako anaitaka kwa sababu anataka kuweka boila na tangi usawa mmoja. Wewe una mteremko, na mteremko huo ni pampu ya bure. Weka boila uwanja wa jikoni, tangi la lita 300 lipande ndani ya nyumba au kwenye jukwaa, kiasi kwamba chini ya tangi kuwe juu ya kichwa cha boila kwa mita 1 au zaidi. Kutoka sehemu ya juu kabisa ya boila, paipu moja inapanda hadi karibu na juu ya tangi. Kutoka chini ya tangi, paipu ya pili inarudi chini ya boila. Maji yaliyopata moto yanakuwa mepesi, yanapanda. Ya baridi ni mazito, yanateremka kuchukua nafasi. Umeme ukikatika hayana habari.

Lakini ujue nguvu hii ni ndogo mno. Kati ya maji ya nyuzi 60 na ya 20, kila mita ya kimo inakupa msukumo sawa na kina cha maji cha milimita 15, upana wa kidole cha mkono. Kwa hiyo kila kosa la bomba linauzima. Paipu za mzunguko huu ziwe za inchi moja na robo au zaidi, na kama boila liko mbali zaidi ya mita 4, inchi moja na nusu. Fundi akikuambia inchi nusu inatosha kwa sababu bafu zote ni nusu, anachanganya mambo mawili. Paipu ya kupanda ipande tu, mwanzo mpaka mwisho. Isipande juu ya mlango, ikashuka, halafu ikapanda tena, kwa sababu pale juu ya mlango hewa itakaa kama mzee barazani, na maji hayatapita. Kona zipungue, penye kona tumia mpindo mpana, si elbo kali. Na kwenye paipu hizi mbili hakuna koki yoyote. Nimeshakuta mtu ameweka geti valvu "kwa ajili ya matengenezo", mtoto akaifunga.

Tangi liwe la bati la milimita 3 au la chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu, lisimame wima, refu kuliko upana. Likisimama wima maji ya moto yanakaa juu kama malai juu ya maziwa na unayachota ya moto kwanza, likilala yanachanganyika. Vifuniko vyake bapa vitiwe mbavu za chuma cha pembe. Maji baridi yanaingia chini, maji ya kwenda bafuni yanatoka juu, na kutoka hapohapo juu linaanza bomba la kupumulia. Kwenye bomba la kuingiza baridi koki inaruhusiwa, lakini ikishafunguliwa toa mkono wake, uuweke ofisini. Chini ya boila acha kizibo cha kumwagia, utoe tope mara moja kwa mwezi.

Usilishe tangi hili kutoka bomba la mtaani. Lilishe kutoka tangi dogo la baridi lenye boya, lililo juu ya tangi la moto kwa mita 2 au 3. Na hili mafundi wengi hawalijui: maji baridi ya kuchanganyia bafuni yatoke kwenye tangi hilohilo. Kama baridi inatoka mtaani kwa presha kubwa na moto unatoka kwenye tangi lako kwa presha ndogo, mgeni akifungua vyote viwili baridi itausukuma moto urudi ulikotoka. Utalaumu boila bure.

Nguvu ya shawa haitakuwa ya hoteli ya nyota tano. Ukitaka iongezeke, pandisha tangi la baridi mita moja zaidi, ila kumbuka kila mita unayoipandisha inalala juu ya mishono ya boila pia. Shawa yenye matundu mapana inasaidia kuliko mnara.

Paipu za mzunguko wa boila na la kupumulia ziwe za chuma, hapa plastiki haina nafasi. Kutoka kwenye tangi kwenda bafuni unaweza kutumia PPR, paipu ya plastiki iliyotengenezwa kwa maji ya moto. PVC ya maji baridi italegea na kuachia gundi. Usichanganye shaba na chuma cha mabati kwenye maji yaleyale, chuma kitaliwa upesi. Nyuzi 60 zinaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde tano hivi, ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Bandika maneno bafuni: fungua baridi kwanza. Kushusha tangi zima likae nyuzi 40 ili kukwepa hilo si dawa, maana bakteria wa legionela wanapenda sana maji ya vuguvugu yaliyotuama, na wanaingia mapafuni kwa manyunyu ya shawa.

Usipolivika tangi koti, lile la lita 300 likiwa uchi kwenye baridi ya Njombe litapoteza karibu nusu ya joto lake kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Likivikwa sentimita 10 za pamba ya kioo, litapoteza nyuzi chache. Pamba ya kioo ikikosekana, maranda makavu ya randa yanafanya kazi nzuri na kwenu ni ya kuokota, mradi yasilowe na yasikae karibu na jiko. Hapo ndipo mapipa ya fundi yanapata kazi: yakatwe yakunjuliwe, yawe bati la nje la koti hilo. Ila, fundi, usilipige grenda pipa lililokuwa na petroli au dizeli kwa kuwa tu limekauka. Mvuke wa mafuta unabaki ndani na cheche moja inatosha. Lijaze maji mpaka karibu na pale unapokata. Lililobeba dawa za mashamba usilichukue kabisa.

Tangi likiwa na koti lake, huna haja ya kumwamsha mtu saa kumi na moja alfajiri. Washa moto saa kumi na moja jioni, mpishi akiwa bado yupo na macho yako yako hapo, na maji ya asubuhi yatakuwa yanakungoja.

Kuni ziwe kavu, zimepasuliwa na kupangwa chini ya paa tangu kiangazi. Kuni mbichi nusu ya uzito wake ni maji, na moto wako unafanya kazi ya kuyachemsha hayo kabla ya kugusa ya kuogea. Ukigonganisha vipande viwili, vikavu vinalia, vibichi vinatoa sauti nzito iliyofifia. Jihadhari na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, ambavyo upande wenu wa nguzo na mbao vinazagaa na vinatolewa bure. Ile rangi ya kijani ni chumvi za shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu; inatoka na moshi na inabaki kwenye majivu, na najua majivu yako yanaishia bustani ya mboga. Nguzo nyeusi zinazonuka lami nazo hazifai.

Kuhusu kupasha vyumba: kimaumbile inawezekana, maji ya moto yakapita kwenye radieta chini ya dirisha kama wanavyofanya nchi za baridi. Kwako naikataa, na hesabu ni hii. Chumba cha mita 12 za mraba chenye paa la bati kinaweza kudai kilowati 1 na robo usiku kucha. Vyumba vinane kwa saa nane ni uniti 80, yaani kilo 55 za kuni kila usiku ukilinganisha na 11 za kuoga, na mtu wa kukesha na moto. Joto hilo litapitia juu ya bati lisilo na dari na kwenye nyufa za madirisha. Weka dari, ziba nyufa, ongeza blanketi la pili. Ukitaka anasa, weka radieta moja ukumbini wageni wanapokunywa chai, lakini baada ya msimu mmoja wa boila kufanya kazi bila lawama, na kwa mzunguko wake wa pembeni, usiochota kwenye maji ya kuogea.

Kabla hujamlipa fundi malipo ya mwisho, boila na tangi vijaribiwe vikiwa bado kwa fundi, kabla ya kufungwa mahali pake. Vijazwe maji mpaka hewa yote itoke, kisha vipandishiwe presha kwa pampu ya mkono hadi bari 1 (sawa na kimo cha maji cha mita 10), mara mbili ya ile ya kazini, viachwe saa moja, na wewe upitishe kidole kila mshono. Kujaribu kwa upepo wa kompresa ni marufuku. Maji yakipata upenyo yanadondoka, upepo unalipuka. Na siku yoyote mtu akikushawishi kurudi kwenye chombo kilichofungwa chenye presha, ajue hicho ni chombo cha kukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na wewe mwenye gesti ndiye utakayeulizwa.

Siku ya moto wa kwanza, jaza mfumo taratibu kutoka tangi la baridi, fungua mabomba yote ya bafuni mpaka yaache kukohoa hewa. Washa moto mdogo wa vijiti. Shika paipu ya kupanda juu kidogo ya boila: ndani ya dakika chache itakuwa ya moto. Paipu ya kurudi itabaki baridi muda mrefu, usihangaike, inapaswa kuwa hivyo mpaka tangi linapoanza kujaa moto. Ukisikia boila linagonga kama mtu anapiga nyundo ndani, kuna hewa imekaa au paipu imebana. Kokota moto nje, fungua maji ya moto bafuni, subiri. Na ikitokea siku yoyote boila limekauka na chuma kimeiva, usimimine maji baridi ndani hata kwa dharura. Toa kuni, toa makaa, ondoa watu, liache lipoe lenyewe hadi kesho.

Paipu ya kurudi ikianza kuwa vuguvugu chini mpaka juu, tangi limejaa. Mpe fundi taulo. Yeye ndiye aoge wa kwanza.